Mji wa Waliosafirishwa
Saa saba mchana, feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa, na mimi nimelaza shavu juu ya sehemu ya elfu moja mia mbili na tatu ya tamthilia yetu. Miaka kumi na moja tunaiandika, waandishi wanne kwa zamu, kila mmoja na wiki yake, na hakuna anayesoma ya mwenzake, maana muda uko wapi. Sehemu hii ni yangu. Mwantumu, mama wa tamthilia, anasimama mahakamani na kumkana mwanawe Sudi: simjui huyu. Mtayarishaji anataka machozi Ijumaa. Asubuhi kanipigia Bi Tausi, anayemwigiza Mwantumu tangu siku ya kwanza. Mwanangu, Sudi nilimtoa kwenye moto, leo nimkane kwa sababu gani? Nikasema nitamjibu saa tisa. Basi, akasema, saa tisa usiponipa sababu, nazikunja khanga za Mwantumu na mwisho wetu ndio huo. Sababu sina. Nina usingizi. Nafumba jicho moja, la pili linafuata lenyewe, na mstari ninaoulalia unalainika, unarefuka, unakuwa barabara, nami natembea.

Natembea, na kila nikifika mwisho wa barabara nakuta imeanza upya, nyumba zilezile, kila nyumba kioo kwa mbele na mbao za kuegemeza kwa nyuma, na nyuma ya mbao hakuna kitu. Mbele yangu anakwenda mwanamke aliyejitanda khanga ya Mwantumu, ile ya zambarau. Namwita, anageuka, hana uso. Penye uso pamelainika kama sabuni iliyotumiwa na watu wengi. Karibu, mwandishi, anasema, sijui kwa mdomo gani. Kitendawili. Tega, nasema, maana ndivyo tulivyolelewa. Niliungua mara moja, kovu langu linahama. Anainua mikono, na kweli, kovu liko kushoto, nalitazama liko kulia, napepesa macho liko kushoto tena. Haya ni makosa yetu, kila mwandishi na mkono wake, hata dada wa mekapu kila asubuhi anauliza, leo kovu mkono gani? Lakini hasa uliungua mkono upi? Sikumbuki. Basi nafanya kama mtoto aliyeshindwa, natoa mji. Nakupa Mpanda. Anacheka. Mpanda ulishautoa zamani, twende ukauone.

Na Mpanda upo, Mpanda wa vioo, na umejaa. Kila mhusika tuliyeshindwa kumwandikia tulisema kasafiri, yuko Mpanda, na hakuna aliyemrudisha. Wamekaa barazani na mabegi yao. Shikamoo, muuaji wangu, ananiamkia Mzee Kilimba, niliyemzamisha mtoni, mwenzangu akamfufua, nami nikamgongesha gari, akafufuliwa tena, mwishowe tukamsafirisha. Marahaba, marehemu, namjibu. Leo nakufa au nasafiri? Niambie mapema, nina chai jikoni. Pembeni yake binti kashika tumbo. Kaka, mimba yangu ina miaka mitatu sasa, huyu mkimtoa mtoeni na sare za shule kabisa. Wanacheka wote, nami nacheka, maana nimefukuzwa kazi nne maishani na zote niliondoka nikicheka. Halafu kicheko kinaisha na hakuna anayeondoka, na uchovu wao unanipanda miguuni kama maji baridi. Hasira hatuna, anasema mzee. Tumechoka tu kungoja mtu akumbuke tulikuwa nani.

Yule asiye na uso ananishika bega. Kitendawili cha mwisho. Tega. Motoni nilimfuata, mahakamani simjui. Nafungua mdomo nitoe mji, lakini miji yote imejaa, kila kioo kina watu na mabegi. Hakuna mji uliobaki, mwandishi, jibu. Labda ulisahau? Mama hasahau hilo. Labda ulilishwa dawa? Hiyo mlinilisha mwaka juzi. Nakaa chini barabarani. Hakuna sababu, nasema. Anayemkana si wewe, ni mimi niliyechoka. Kisha nyusi zinatokea, halafu macho, taratibu, macho ya mtu aliyemuuguza mgonjwa siku nyingi. Anashika kiganja changu cha kushoto kwa mkono wake wa kushoto. Huu ndio niliosukumia mlango uliowaka moto, anasema, wa kulia ulikuwa umembeba mtoto. Mkono wake unawaka, na simu inalia.

Saa tisa. Shavu langu lina wino. Haya mwanangu, anasema Bi Tausi, na kwanza huyu dada wa mekapu anauliza, leo kovu mkono gani? Kushoto, nasema, wa kulia ulikuwa umembeba Sudi. Miaka kumi na moja nawaambia hivyo, anasema, leo ndiyo umesikia? Na mahakamani je? Nachukua kalamu, nakata simjui huyu, nakata tena juu yake. Mjue, Bi Tausi. Sema huyu ni mwanangu, halafu usimame hapohapo. Mtayarishaji atafoka, anasema. Afoke, na akizidi mwambie nimekwenda Mpanda. Anacheka mpaka simu inakatika.

Kiganja changu cha kushoto kinauma kama kilichoungua. Nakipulizia. Dirishani, ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye khanga ya zambarau anaanika nguo, kanipa mgongo, na nyumba yake inang'aa mno kama kioo, imenyooka mno. Nainuka polepole, navaa viatu, natoka kwenda kuona kama ina upande wa nyuma.