Mguu wa Kushoto wa Kachru Jogdand

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, vijana wa kijiji cha Borwandi walikuwa wakicheza kriketi kwenye shamba la Bapusaheb Deshmukh, ambalo halikulimwa mwaka ule kwa kuwa mvua haikunyesha. Wiketi ilikuwa vijiti vitatu vilivyochomekwa kwenye udongo uliopasuka. Mrushaji alikuwa Kachru Jogdand. Gongo la kupigia hakupewa, maana yeye alitoka mtaa wa ng'ambo ya korongo, kwa watu wa tabaka lisiloguswa, na gongo lilishikwa na mikono ya wengine. Lakini kurusha mpira ni kazi ya jasho, na jasho hawakumnyima.

Jina alipewa na mama yake, Sakhubai. Kachru maana yake takataka. Watoto waliomtangulia walikufa wangali wachanga, na kila mtu anajua kwamba mauti hayana desturi ya kuokota takataka. Jina lilifanya kazi yake. Kijana alirefuka kama nguzo ya umeme, na mpira ukimtoka mkononi, mpigaji aliusikia kabla ya kuuona.

Siku hiyo alikuja mbio kutoka mbali, akaruka, mguu wa kushoto ukatua mbele kwa kishindo, akauachia mpira. Vijiti vikaruka. Pale kwenye unyayo wake maji yakaanza kutoka.

"Umelowesha mpira," alisema mpigaji, ambaye alikuwa Ranjit, mtoto wa Bapusaheb.

"Umetolewa wewe, acha visingizio."

"Mpira umelowa! Haihesabiwi hiyo!"

Walibishana mpaka maji yakawafika kwenye vifundo vya miguu. Ndipo mmoja akaenda kumwita mwenye shamba.

Bapusaheb alichota kwa kiganja, akaonja. "Matamu," alisema. "Chimbeni hapa."

Wakachimba, wakajengea mawe. Nazi ikapasuliwa, unga mwekundu ukapakwa ukingoni. Kisima kilipokamilika, Sakhubai alikuja na mtungi wake. Aliuweka chini, akarudi nyuma, akasubiri mtu wa tabaka la juu ammiminie, ili asikitie kisima unajisi kwa kukigusa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kisima cha zamani kabla hakijakauka, na hakuna aliyeona kwa nini kisima kipya kiwe na mila mpya.

"Mama, yale ni maji yangu," Kachru alisema walipokaa kula mkate wa mtama na pilipili ya kutwanga.

"Mguu ndio wako. Ardhi ni ya Bapusaheb."

"Basi nitarusha hapa hapa kwetu."

"Utakimbilia wapi?"

Mrushaji wa kasi anahitaji nafasi ya kutokea mbali, na mtaa wao haukuwa na nafasi hata ya kugeuza mkokoteni. Nyumba zilibanana, mlango ukitazama mlango. Uwanja wote wa Borwandi ulikuwa upande wa pili wa korongo.

Kocha wa timu ya jimbo, mzee mmoja mkali aitwaye Thatte, alifika kijijini baada ya msimu wa miwa. Wakaanza kumsimulia habari za kisima, akawakata maneno. "Maji hata mjini yapo. Nionyesheni mpira." Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kachru aliondoka naye akiwa na begi la kuazima.

Alichezea jimbo, kisha akaichezea India. Mechi yake ya kwanza ugenini ilikuwa Australia, kwenye uwanja wa ardhi ngumu kama chungu kilichochomwa. Alipotua mara ya kwanza, maji yalitoka. Nahodha wa wapinzani akalalamika. Waamuzi walifungua kitabu cha sheria, wakakuta kimeeleza kwa kirefu maji yatokayo juu, ila juu ya maji yatokayo chini hakikusema neno. Mtunza uwanja akamwaga vumbi la mbao, mechi ikaendelea. Jioni ile wapigaji wao waliondoka mmoja baada ya mwingine, kama wageni waliosikia kwamba chakula kimekwisha. Huko Uingereza hakuna aliyegundua chochote, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa tangu asubuhi.

Nyumbani jina lake lilichorwa kwenye kuta na kwenye vioo vya malori. Watu waliwapa watoto wao jina la Kachru bila kuwa na hofu ya mauti. Mwaka wa ukame mkubwa, wakazi wa mji mmoja waliandamana wakisema nyasi za uwanja zinakunywa kuliko mitaa yao. Wakubwa wa uwanja wakajibu kwamba hawajachukua tone la mtu, maji ni ya Kachru. Na kweli yalikuwa yake. Walikuwa wamemleta mapema, akarusha mpira kutwa nzima bila mpigaji, huku pampu ikivuta kutoka kwenye unyayo wake.

Kifundo cha mguu kikaanza kuuma. Daktari wa timu aliitazama picha ya mfupa.

"Una ufa hapa."

"Nipumzike?"

"Mimi ningesema upumzike. Wakubwa wanasema fainali kwanza." Akavuta dawa kwenye sindano.

Fainali ilichezwa. Kachru aliangusha wiketi ya mwisho, na mfupa ukakatika katika mruko huo huo. Watu waliokuwa karibu walisikia milio miwili, wakadhani yote ni ya vijiti. Wenzake walimbeba juu juu kwa furaha, naye akapiga kelele, nao wakapiga kelele pamoja naye.

Borwandi walimpokea kwa ngoma, wakamzungusha juu ya trekta akiwa na mashada ya maua mpaka puani. Bapusaheb alihutubia. "Huyu ni mtoto wa kisima chetu," alisema. Kisha wakampa Kachru kipaza sauti.

"Nina ombi moja tu," alisema. "Mama yangu achote maji kwa mkono wake. Yeye, na majirani zangu wote."

Watu walipiga makofi sana. Bapusaheb naye alipiga. "Kwani nani amewakataza?" alisema akitabasamu. "Ni mila tu, kijana wetu. Na mila haina mwenyewe; ingekuwa naye, ningekupeleka kwake."

Kesho yake Sakhubai alipofika kisimani alikuta lango la chuma na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mke wa Ranjit. Akaweka mtungi chini, akamiminiwa kama kawaida.

Mfupa ulipona vibaya. Timu ya taifa ikapata warushaji wengine, vijana, wenye miguu isiyotoa kitu. Mtu mmoja wa ofisini alimpigia Kachru simu kumshukuru kwa mchango wake, akamwita kwa jina la mchezaji mwingine.

Alirudi kwao akichechemea. Fedha alikuwa nazo. Alileta mtambo wa kuchimba, ukashuka siku nzima ukatoa vumbi. Alitaka kununua shamba, lakini hakuna aliyekubali kumuuzia mtu wa ng'ambo ya korongo, hata wale waliokuwa wamezama kwenye madeni.

"Twende mjini, mama. Kuna bomba ndani ya nyumba."

"Na Gangubai? Na wale wengine? Bomba lako litafika kwao?"

Gangubai, jirani wa mlango kwa mlango, alikuwa barazani anachambua dengu. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Wewe unahitaji nafasi kiasi gani kukimbia?"

"Toka hapa mpaka kwa fundi viatu."

"Basi si tubomoe tu?"

Wakabomoa. Walianza na ukuta wa akina Jogdand, wakafuata wa Gangubai, kisha nyumba zote za upande ule mpaka kwa fundi viatu. Familia zikahamia chini ya maturubai, watoto wakaona ni sikukuu. Kachru akasimama mwisho wa njia mpya na mpira mkononi. Alikuja akichechemea, akaongeza mbio, akaruka. Mguu wa kushoto ukatua.

Maji yakatoka. Yakajaza mtungi mmoja, yakakoma.

"Si haba," alisema Gangubai. "Tena."

Akarusha tena, ukajaa mtungi wa pili. Tangu siku hiyo, kila kulipokucha, alirushia kila nyumba mtungi wake. Wanawake walichota wenyewe, kwa mikono yao, wakicheka na kurushiana maji, na Sakhubai alikuwa wa kwanza. Watu wa televisheni walikuja wakampiga picha akikimbia asubuhi. Wakasema huo ndio upendo wa mchezo. Kuhusu mitungi hawakuuliza.

Mguu ukavimba, ukawa mweusi. Alikuwa akiufunga kwa kitambaa na kuuma kipande cha ngozi alipotua, ili majirani wasimsikie. Mama yake alimsikia. Asubuhi moja alianguka katikati ya mbio, akawa anajaribu kuinuka huku mitungi imepangwa, na wanawake wamegeuza nyuso pembeni.

"Leo pumzika," alisema Sakhubai.

"Mama, naweza."

"Nimesema pumzika. Nilikuzaa, sikukuchimba."

Akaweka mtungi kichwani, akavuka korongo. Gangubai na wengine wakabeba mitungi yao, wakamfuata.

Mke wa Ranjit alifungua lango. Alikuwa na furaha siku hiyo.

"Kachru hajambo, Sakhubai? Jana walirudia ile fainali kwenye televisheni. Nyumba nzima tulisimama, hata baba mkwe na magoti yake mabovu."

"Hajambo."

"Hatutapata mwingine kama yule, nakwambia." Akavuta ndoo, akaiinua juu, maji yakaanza kumwagika. "Hebu rudi nyuma kidogo, usije ukaigusa."

Sakhubai akarudi nyuma.