Malkia Gudit na Mstari wa Saba

...na bado Papa Leonce anamtambulisha, "kijana wetu Willy, mwenye sauti ya redio," ndiyo, rudia mzee, sauti kama hii Scarborough nzima, hapa Kanada, haipo, shule aliiacha lakini kusoma anawashinda wenye vyeti, ila karatasi hii aliyopewa aisome leo mbele ya watu, historia ya kanisa miaka ishirini, kaiandika Papa Leonce mwenyewe, katibu, na mstari wa saba unasema *Mama Godelive akaivunja kwaya kwa kiburi*, basi, hakuna zaidi, na Mama kakaa kule nyuma na sare yake ya kutunza wazee, katoka zamu moja kwa moja, hajui alichoandikiwa, na mwanawe, Willy huyu huyu, tangu asubuhi kapanga kuuruka mstari huo, avute pumzi, aingie wa nane, nani atajua... "tuliyemlea hapa hapa," mlinilea nyinyi?... halafu huyu Gudit naye, mbona anamjia akilini sasa hivi, malkia wa Uhabeshi wa miaka elfu nyuma, juzi ghalani Tsehay, Mhabeshi anayepakia naye maboksi, kamwambia kwetu hata mtoto anamjua, mchoma makanisa yule, Willy akamchokoza, dada, ulikuwepo ukamshikia kibiriti? Tsehay akacheka, sikuwepo, hata walioandika hawakuwepo, watu wa kanisa hao, karne na karne baadaye, na yeye hatuna neno lake hata moja... hata moja, lakini angalia, wafalme wangapi wamesahaulika na huyu walimchukia wakashindwa kumruka, halafu yeye Willy, mtoto wa kumzaa, ndiye amruke mama yake?... siku ile ya mazishi, theluji magotini, wazee walisema marehemu Yvan hakubatizwa, kwaya haimwimbii, Mama akawajibu, "Papa Leonce, mama yake Yvan ataondoka makaburini bila wimbo? Mimi naenda," wakamfuata wanawake kumi na mmoja wa kwaya, wakaimba mpaka sauti zikakauka, Jumapili wakakuta viti vyao vimeondolewa, hilo mbona halimo, mzee, wino uliisha?... kiburi, eh, kiburi, na mwanawe kakirithi chote, atausoma mstari wa saba, polepole, kwa sauti yote, kisha atainua macho mpaka viti vya nyuma, na atamalizia mwenyewe, Yvan, theluji, kumi na mmoja, jina kwa jina... "kwa kifupi tu, ndugu zangu," anasema Papa Leonce akifungua daftari lake upya, na Willy anatabasamu, endelea mzee, usiwe na haraka, mpambe vizuri mtoto wa Godelive...