Kura ya Noof

Noof alisoma riwaya huku kashika kijiko cha uji. Anasoma sentensi ya Kifaransa kimoyomoyo, anaigeuza Kiswahili kwa sauti, kisha anamlisha bibi yake. Sukari ilikuwa imemmaliza Bi Sayyida macho, ila masikio yake hayakupitwa na neno.

"Kwa hivyo kamwacha mtoto kwa jirani," alisema bibi. "Kapanda meli peke yake."

"Ndiyo, Bibi. Kamwambia atarudi."

"Na mtoto? Kalia?"

"Bado hawajasema."

Bibi akakisukuma kijiko. "Soma basi. Uji n'takunywa baadaye."

Lakini basi la shule lilikwishapiga honi nje. Noof akatia kitabu mkobani, akaahidi kwamba alasiri watakimaliza.

Kilikuwa kimoja katika riwaya nne walizopewa darasani. Ufaransa kuna tuzo ya riwaya ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari, na mwaka huu shule kadhaa za Ghuba zilikuwa zimeanzisha ya kwao kwa mfano huo. Shule ya akina Noof, ya binafsi huko Mawaleh, ilikuwa mojawapo. Darasa lilimchagua Noof alisemee mbele ya shule nyengine kwa njia ya mtandao. "Hapa hakuna mkubwa wa kukwambieni mpende nini," aliwaambia Abla Nawar, mwalimu wao wa Kifaransa aliyetoka Tunisia, na wao wakamwamini. Walibishana muhula mzima.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kura. Walipoingia darasani walimkuta naibu mkuu, Ustadh Humaid, kasimama na boksi tupu la karatasi.

"Kila mwenye kitabu hiki akitie humu," alisema, akikinyanyua kile cha mama na mtoto. "Mzazi mmoja kalalamika. Mwanamke yule kazaa bila ya ndoa."

"Lakini waamuzi ni sisi, Ustadh," alisema Noof.

"Na mtaamua, binti yangu. Vimebaki vitatu, vizuri vyote." Alisema kwa upole, kama anayemkaribisha mtu tende.

Noof akamtazama Abla Nawar. Mwalimu alikuwa akifuta ubao usio na kitu.

Wakati wa mapumziko alimfuata ukumbini. "Abla, ulisema kura ni yetu."

"Mkataba wangu unakwisha Juni," Abla Nawar alijibu bila ya kumtazama. "Viza yangu iko kwa shule, na watoto wangu wanasoma hapahapa. Unanifahamu, Noof?"

Noof alimfahamu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kura zikapigwa. Noof aliandika jina la kitabu kilichoondolewa, na chini yake akaandika jina lake mwenyewe, asije akasumbuliwa mtu mwengine. Ustadh Humaid alipoifungua aliisoma kimya, akaikunja.

"Hii imeharibika. Loay, utazungumza wewe badala yake."

Loay, ambaye juzi tu alikitetea kitabu hicho mpaka sauti ikamkauka, aliinamisha kichwa. "Sawa, Ustadh."

Alizungumza vizuri, akakisifu kitabu kilichoshinda, na darasa likapigwa picha. Noof alikuwa kapelekwa maktaba, akisikia makofi kupitia ukutani.

Aliporudi nyumbani bibi alikuwa kakaa kitako kitandani, kajifunga kanga safi, anamngoja.

"Wamekichukua, Bibi. Wanasema haifai, mwanamke kazaa bila ya ndoa."

Vidole vya Bi Sayyida vilishika upindo wa kanga vikawa vinaukunja na kuukunjua.

"Nikutungie mwisho?" Noof aliuliza.

"Usinitungie, mjukuu wangu. Wa kutunga nnao. Kila siku natunga mwengine."

Fajr, mama yake Noof, akaingia na abaya yake ya kazini, simu mkononi. Shule ilikuwa imempata akiwa ofisini Al Khuwair.

"Umefanya nini wewe? Usipoomba radhi kesho, hawakuandikii barua ya kuombea chuo. Omba radhi, mwanangu, yaishe. Sote tunaomba radhi kila siku."

"Kwa kosa gani, Mama?"

"Nani kakuuliza kosa?"

"Fajr," aliita bibi. "Kaa."

"Ngoja nimalizane na huyu kwanza."

"Kaa, nakwambia. Ulikuwa na kaka yako, Thani. Baba yake hakunioa. Siku zile za mapinduzi watu walipokimbia Unguja kuja huku, n'limwacha kwa jirani, wa miaka mitatu, n'kamwambia n'tarudi."

Fajr alibaki kasimama. Miaka yote akijijua kifungua mimba.

"Yuko wapi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sijui. Sikupata kumuulizia. Kumuulizia ni kukiri, na hapa ningemkiri kwa nani?" Machozi yakamtiririka kutoka macho yasiyoona. "Alilia, Noof. Kama hawakuandika, basi jua mimi nakwambia. Alilia mpaka nikafika mwisho wa njia, na sikugeuka."

Simu ikalia mkononi mwa Fajr: shule tena. Noof aliichukua taratibu, akaizima, akamvutia mama yake kiti.