Mchuzi wa Juu ya Ekzosi

Roho ya Heaika ilianza kumuuma siku ile Issat alipofunua boneti ya pikipiki yake ya theluji na kutoa mchuzi unaofuka mvuke, sisi wengine tukiwa bado tunagombana na kuni mbichi.

Ilikuwa Aprili. Tulikuwa tunahamisha majike wetu wa kulungu wa theluji, wenye mimba, kutoka nyanda za Máze kwenda pwani wakazalie huko. Safari hiyo nimeifanya na watu wengi, na kila msafara una mpishi wake. Wetu alikuwa Heaika. Hakuna aliyemteua, alijiteua. Yeye ndiye aliyefukua theluji mpaka kwenye majani, akatandika matawi, akawasha moto upepo uwepo usiwepo. Nyama ikiiva, mfupa wa kwanza, ule wenye uboho mnene, alimpa Risten. Tuliona wote, na wote tulijifanya tunatazama mawingu.

Risten alikuwa mjane. Ana kulungu wake, na huulizi ni wangapi, maana kwetu kumuuliza mtu idadi ya kulungu ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Katikati ya baridi kali Heaika alimposa. Risten hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Tufike pwani kwanza. Tukifika nitakujibu." Basi kila sufuria aliyoinjika Heaika njia nzima ilikuwa inapikia jibu hilo.

Sasa huyu Issat ni mdogo wake marehemu mume wa Risten. Kijana wa kutulia, mikono haimkai bure. Alikuwa amechukua bati la kuokea mkate, akalitengenezea mfuniko wa kubana, akalifunga kwa mikanda ya chuma juu ya ekzosi, palepale penye joto. Asubuhi anatia mchuzi wa jana ulioganda, anaendesha, mchana anafunua.

"Shemeji, karibu," alimwambia Risten siku hiyo. "Nyama na viazi. Leo havijaona moto hata kwa mbali."

"Havinuki petroli?"

"Onja kwanza, ndipo utukane."

Risten akaonja. Akafumba macho, akachota tena. "Jamani, moto kweli! Mzee, hebu njoo."

Mzee ni mimi. Nikaenda. Siwezi kusema uongo, ulikuwa mtamu, na viazi vimelainika. Nilipogeuka nilimwona Heaika amepiga magoti kwenye moshi, mashavu yamevimba kwa kupuliza, ananiangalia kama nimemuuza.

"Na wewe mzee," alinipasha baadaye. "Meno yenyewe huna, unakimbilia vyakula vya watu."

"Mchuzi hautaki meno, Heaika."

"Ule si mchuzi. Ni moshi wa gari uliotiwa chumvi."

Tangu hapo moto wake ukakosa watu. Tulikuwa tunaenda kuota mikono na kupokea kahawa, kisha mmoja mmoja tunahamia kwenye boneti ya Issat na vikombe vyetu. Risten naye. Hakumdharau Heaika, alipokea kahawa yake, akakatia jibini ndani kama kawaida yake, akashukuru. Lakini mfupa ulipoiva alikuwa ameshashiba. Siku ya pili mfupa ule ulimwangukia mbwa. Heaika alimtazama mbwa akiutafuna mpaka mwisho.

Heaika mwenyewe alikuwa hali tena, anakula kwa macho. Issat akiinama kumnong'oneza shemeji yake jambo, Heaika anauliza, "Wanasema nini pale?" Risten akicheka, anauliza, "Kiazi kina kichekesho gani?" Nilimwambia, "Bwana, yule ni shemeji yake." Akanijibu, "Ndiyo nasema. Shemeji ndiye wa kwanza kwenye foleni."

Upepo ukatuzuia siku nzima hemani. Sisi tulilala. Heaika alishinda nje nyuma ya mzigo, anakata bati. Jioni akatuita. Kasha lake lilikuwa kubwa karibu mara mbili ya la Issat, boneti haifungi sawasawa, ameishikiza kwa kamba.

"Hili litashibisha watu," alisema, akimtazama Risten. "Si lile la kuonjesha."

"Zuri," Risten akasema. "Ila, Heaika, wewe ndiye wa mbele."

"Wa mbele hali?"

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, ambayo mtoto wa kwetu yeyote angeiona. Wa mbele ndiye mwenye heshima ya safari. Nyuma ya pikipiki yake amefungwa dume aliyehasiwa, mwenye kengele, na kundi lote linafuata kengele hiyo. Kwa hiyo mbele kunaendeshwa kwa mwendo wa mguu, taratibu, huku unageuka nyuma kila mara, kwa sababu jike mwenye mimba hakimbizwi. Injini inanong'ona tu. Issat ni wa pembeni. Anapanda vilima, anashuka, anakwenda kurudisha waliopotea, injini inalia kutwa. Ekzosi ya nani itachemka?

Mchana wa siku iliyofuata Heaika alifunua kasha mbele yetu. Mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe. Alikoroga kwa kijiko, kijiko kikasimama wima.

Hakuna aliyecheka. Bora tungecheka.

Issat akaja na moyo mweupe. "Kaka Heaika, mashine yako inakwenda kama bibi harusi, haiwezi kupasha kitu. Hebu nipe sufuria niitie kwangu, mara moja itakuwa tayari."

"Umechukua walaji," Heaika akasema, "sasa unataka na sufuria?"

"Walaji gani, kaka?"

"Nenda zako."

Risten alikuwa amesimama kati yao na kikombe. Akamwambia Heaika kwa sauti ya chini, "Lete tu, nitakula hivyohivyo." Akachukua kijiko, akala mafuta yale ya baridi, akameza. Mimi niliona mapenzi pale. Heaika aliona huruma, na huruma kwa mwenye wivu ni chumvi kwenye kidonda.

Kesho yake tuliondoka asubuhi, theluji ya juu ikiwa bado ngumu, inabeba mnyama. Mimi na Risten tulikuwa mkiani na mizigo. Mwanzoni mambo yalikuwa sawa, ule mstari mrefu unakwenda, na visigino vya kulungu vinalia tk tk tk kama mtu anayevunja vidole. Hiyo ndiyo sauti tunayoisikiliza. Ikilingana, kundi lina amani.

Halafu ikaanza kukatika. Risten akazima injini, akainua masikio ya kofia.

"Wanatimka," alisema.

"Nani kawashtua?"

"Wa mbele anakimbia."

Tukaona mstari unavutika kama uzi. Wa kwanza wanakwenda shoti, wa kati wanahangaika, wa nyuma wamesimama hawajui wafuate nini. Jua lilishapanda na theluji ilianza kulainika; majike wazito wakawa wanatumbukia mpaka kifuani, wanajinyanyua, wanatumbukia tena. Kisha mmoja akageuza pua kuelekea upepo. Kulungu akishtuka hukimbilia upepo, na wote wakamfuata, wakatupita pande zote mbili, wakarudi kule tulikotoka. Issat alipita ubavuni petu akiunguruma kwenda kuwawahi, mkono mmoja juu, anapiga kelele nisiyoisikia.

Kando ya njia jike mmoja wa Risten alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Risten alishuka, akampapasa tumbo kwa muda, hakuna kilichocheza, akaondoa mkono. Akapanda tena, nami nikamfuata mbele.

Heaika tulimkuta ng'ambo ya kilima. Amesimamisha mashine, amefunua boneti, na mvuke unapanda kama wa nyumba ya kuogea. Dume mwenye kengele amesimama nyuma yake, anahema, peke yake. Nyuma ya dume hapana kitu, theluji tupu.

Alisikia injini zetu, akageuka na bakuli mkononi, uso umemkunjuka. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu baridi ianze.

"Risten! Mchuzi umechemka! Shika, shika kabla—" Akatutazama sisi, kisha nyuma yetu. "Wako wapi wengine?"

"Unaniuliza mimi?" Risten akasema.

"Walikuwa nyuma yangu."

"Uliwaangalia saa ngapi?"

Bakuli lilikuwa bado limenyooshwa.

"Uliendesha kwa ajili ya sufuria," Risten akasema. "Miaka yote hii ninakujua, hujawahi kuendesha hivyo."

"Nilikuwa nakupikia wewe. Yule mwenzio kila siku—"

"Mwenzangu nani? Issat? Yule nilikuwa namfuta kamasi, Heaika. Mwaka nilioolewa kwao alikuwa bado anakojoa kitandani." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka kabisa. "Jibu lako nilikuwa nalo tangu Máze. Nilitaka tu nilisemee pwani, mbele ya ndugu zangu. Lilikuwa ndiyo."

Alifungua kamba ya dume kwenye mashine ya Heaika, akaifunga kwenye yake. Kwetu mtu hanyang'anywi dume wa kengele hadharani. Ni kama kuvuliwa kofia na mwanamke.

"Na sasa?" Heaika akauliza.

"Sasa kawatafute majike."

Tuliwatafuta siku kadhaa. Risten akawa wa mbele, mimi nikawa ninakwenda na kurudi kati yake na Heaika, ambaye alibaki nyuma kabisa kukusanya waliotawanyika, usiku na mchana kwenye baridi, uso umeungua kwa jua. Kazi yake aliifanya vizuri, hilo namsifu. Waliosalia karibu wote aliwarudisha yeye, mwendo wa mguu, akigeuka nyuma kila hatua.

Siku tulipoiona bahari nilirudi mkiani kumpelekea tumbaku. Nikamwambia kundi limefika salama, na majike wawili wameshazaa. Nikamwambia pia, kwa sababu ilibidi mtu amwambie, kwamba Risten amepiga hema upande wa ndugu zake na ametuma salamu za shukrani, basi.

Akasokota tumbaku, ikamdondoka, akaiokota.

"Mchana alikula?" akauliza.

"Alikula."

"Cha nani?"

"Mkate mkavu, Heaika. Wa kwake. Amesimama, anaangalia ndama."

Akanitazama usoni, akitafuta mahali uongo ulipojificha.

"Na Issat alikuwa amesimama wapi?" akasema.