Matanga ya Annuarite, Akiwa Hai

Asubuhi hiyo Annuarite alirudi kutoka kisimani na ndoo yake ya maji, akakuta uani kwake kumejaa watu. Walikuwa wametandika mikeka na kujifunga vitambaa kichwani, wanalia. Waliyekuwa wakimlilia ni yeye.

Hakuhitaji kuelezwa. Kesho yake alitakiwa mahakamani Lilongwe kumtolea ushahidi Sindayigaya, Mtutsi wa Burundi aliyeshtakiwa kuchoma duka la unga la Papa Ezechiel hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita na askari wa Kitutsi vimepamba moto kule Fizi, Kongo, na kambini kuitwa Mtutsi tu kulikuwa kosa tosha. Annuarite mwenyewe, fundi wa kushona nguo, alikuwa Mbembe wa Fizi, sawa na Ezechiel. Ila jioni duka lilipoungua, Sindayigaya alikuwa kwake, tangu mwanzo wa moto hadi mwisho.

"Mama, tulikuambia," alisema Ezechiel, macho chini. Mdogo wake aliuawa vitani, na tangu hapo hasira haikumtoka. "Ukienda kusemea ule muntu, kwetu we iko mufu. Njo maana tunakuja kulia mapema."

Akatua ndoo. Hata Louise, rafiki yake wa kwaya, alikuwa pale mkekani. Mtu aliyekimbia vita hana kitu ila watu wa kwao, na hawa walikuwa wanamuaga mchana kweupe. Aliogopa, tena sana.

Lakini Annuarite alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona wageni uani akakaa bila kupika. Akawasha moto, akasonga bugari, akachemsha maharagwe, akawanawisha mikono waombolezaji wake mmoja mmoja. Wakala wote, maana posho ya mwezi ilikuwa imekwisha.

"Sasa," akasema, akijipenyeza katikati yao, "kilio bila muntu wa kusifu marehemu, mi sijaona. Nani atasema juu yangu?"

Wakatazamana. Louise akasukumwa kwa kiwiko, akasimama.

"Marehemu alishonaka robe yangu ya ndoa," alianza. "Mutoto wangu alipogonjwa, alimubeba mugongoni mpaka hospitali. Na hakusemaka uongo, hata siku uongo ungemusaidia."

Akaziba mdomo kwa mkono, maana alikuwa ametoka kumsifu shahidi wa kesho. Mtu mmoja akacheka, wa pili akadakia, kilio kikaharibika kabisa. Ezechiel peke yake ndiye aliyekunja uso, tonge mkononi.

Hata hivyo, kesho yake walijaa benchi za nyuma mahakamani, wakimkodolea macho. Annuarite akashika kizimba kwa mikono miwili.

"Sindayigaya iko na suruali moja tu, na ilipasuka nyuma," alisema. "Ile mangaribi ya moto, suruali ilikuwa kwa mashini yangu ya kushona, na yeye amekaa kwa benchi, amejifunga pagne yangu ya maua, kitenge cha wanamuke. Tulisikia kelele za moto, akaruka aende kuzima. Akakumbuka vile amevaa, akarudi kukaa. Angeenda kuchoma duka na ile pagne, Dzaleka nzima ingemuona."

Mkalimani alijitahidi kutafsiri bila kucheka, akashindwa. Sindayigaya, shemasi mwenye heshima zake, alifunika uso. Kwa polisi alikuwa amesema tu kwamba alikuwa kwa fundi. Kuliko kusimulia habari ya pagne, alikuwa tayari kufungwa.

Mwendesha mashtaka akamuuliza mama huyu kama haogopi watu wake.

"Niliogopa," alijibu. "Lakini balishanililia, na nikabapikia. Mufu anaogopa nini tena?"

Mchana uleule hakimu akamwachia Sindayigaya.

Jumamosi Ezechiel alikuja peke yake. Hakusalimia. Alikunja mikeka iliyobaki uani, polepole, kama ifanywavyo siku ya kuondoa matanga, akaiegemeza ukutani. Kisha akabaki amesimama. Suruali yake ilikuwa imechanika kutoka gotini hadi pajani.

"Mama, uko na nafasi?"

"Uko na ingine ya kuvaa?"

"Zote ziliungua na duka."

Annuarite akampa pagne ya maua. Ezechiel akaingia ndani, akatoka amejifunga, akaketi kwenye benchi lilelile, magoti ameyabana, huku wapita njia wakimtazama.

"Usiogope, Papa," alisema Annuarite, akianza kukanyaga cherehani. "Leo kitu kikiungua, mi nitasema ulikuwa hapa."