Kelele ya Dakika ya Kwanza

Kabla sijawa muuza kava za simu, nilikuwa mtu mkubwa. Msicheke. Aliyetaka nyimbo alileta memori kadi yake kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi na kuniambia, "Nijazie za kuchangamsha," nami nikamjazia. Nilijua kila mteja anapenda nini kuliko mkewe alivyojua.

Tatizo lilikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, tuliyembatiza jina la Kopi. Alikuwa na kibanda kama changu, na nyimbo zilizotoka kwangu asubuhi zilikuwa zinauzwa kwake mchana. Nikasema nitamkomesha. Nikarekodi sauti yangu ikinguruma, "Hii imetoka Kona ya Muziki! Usiibe!" Kisha nikaiagiza kompyuta iichomeke kwenye kila wimbo, dakika ya kwanza na sekunde ya kumi, bila kubagua, wa harusi na wa msiba. Watu walilalamika, mimi nikatia pamba masikioni.

Halafu mtandao ukaingia kila mfukoni. Nyimbo zikawa zinawatafuta watu wenyewe kwenye simu, na benchi langu likabaki na paka. Kopi naye akafunga, akaanza kutengeneza feni. Hilo tu ndilo lililonifariji.

Sasa, nina mama mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ujanani aliimba kwenye bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Walirekodi wimbo mmoja, ukapigwa redioni mara mbili tatu, kiwanda kikafa na bendi ikafa nacho. Miaka minane iliyopita aliniletea kaseti yake. "Itunze, mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye mwenye mashine." Niliuingiza wimbo kwenye kompyuta huku nahudumia wateja, sauti nimeizima, maana ndiyo ilikuwa kawaida yangu. Nilipokuja kuitoa kaseti, mashine ilikuwa imeshautafuna mkanda. Nikajitia hamnazo.

Mwaka huu akaja tena. "Nasikia nyimbo za zamani zinafufuka kwenye simu. Na ule wetu je? Nataka usikike kabla na mimi sijaondoka."

Binti yangu, aliyekuwa anapanga kava, akauweka mtandaoni siku ile ile. Aliuweka na kelele yangu ndani yake, kwa sababu nakala nyingine haikuwepo.

Sijui ile mitambo ya mtandao inafikiriaje. Kila aliyewahi kusikiliza bendi za zamani, wimbo ulimfuata alipo. Mwezi haujaisha, wasikilizaji walifika laki mbili, na kilichowapendeza zaidi kilikuwa mimi! Vijana walijirekodi wakicheza, wakifika pale, wanasimama ghafla, wananyoosha kidole na kunguruma, "Usiibe!" Kichwa kikanivimba. Nikaanza kutembea barabarani polepole ili nitambuliwe. Mtu mmoja tu, aliyejiita Sikio Tulivu, ndiye aliyeniharibia siku. Kila wiki aliandika: "Huyo punguani wa kelele, nani amemwomba?"

Mama mdogo akaja kusikiliza, amevaa nguo yake ya kutokea. Binti akamwekea spika. Mama mdogo akafumba macho, akatabasamu, midomo ikiyafuata maneno ya zamani. Dakika ya kwanza na sekunde ya kumi, nikanguruma. Akafumbua macho.

"Zima."

Binti akazima.

"Unajua hapo pana nini?"

"Pana mimi, mama," nikasema huku nacheka.

"Pana mama yako."

Akatueleza. Siku ya kurekodi, mama alimsindikiza hadi kwenye bwalo la kiwanda, mimi nikiwa mgongoni. Mpiga gitaa akajikwaa kwenye waya, kidole kikateleza, na mama akaangua kicheko. Wenzangu wa bendi wakasema kisikatwe. "Mwaka haukwisha tukamzika," akasema mama mdogo. "Kicheko kile ndicho nilichotaka kisikike. Mimi nimeshaimba vya kutosha."

Mama alikufa sijajua kutembea. Sauti yake sikuwahi kuijua. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia mbele ya binti yangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli, mama mdogo hakuniambia.

Binti akaandika mtandaoni kuomba nakala safi. Zikaja nyingi, kutoka nchi nisizozijua hata kwenye ramani, na zote nilikuwemo nanguruma. Siku ya tatu Sikio Tulivu akajibu: "Kaseti ninayo. Niliurekodi redioni, kabla punguani hajaugusa. Aje aichukue mwenyewe."

"Aje wapi?" binti akamwandikia.

Jibu likaja: "Avuke barabara."

Nikatazama ng'ambo. Kopi alikuwa amesimama mlangoni kati ya feni zake, simu mkononi, ananipungia.

Nikavuka, binti nyuma yangu. Barabara ile sijapata kuiona pana vile.

"Karibu, jirani," akasema Kopi. "Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Haya. Nilikosea."

"Aa-aa. Kwa sauti ile ya kwenye wimbo."

"Nilikosea!" nikanguruma, mpaka fundi viatu wa kona akageuka. Kopi akacheka hadi bisibisi ikamponyoka, kisha akabonyeza mashine.

Dakika ya kwanza na sekunde ya kumi ikafika. Gitaa likateleza, na mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, kinachopanda juu halafu kinakatika kama mtu aliyepaliwa na maji. Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ameshika mdomo, kwa sababu kicheko kile kilikuwa chake. Nimekuwa nakisikia nyumbani kwangu miaka ishirini.

"Rudisha," nikasema.

Kopi akarudisha mara sita.

Tukauweka wimbo safi mtandaoni. Mama mdogo akausikiliza hadi mwisho, na safari hii hakusema zima. Maoni ya kwanza yakatoka kwa kijana mmoja wa mbali: "Mbona jamaa wa kelele hayupo?"

Binti akanipa simu nimjibu mwenyewe. Nikaandika kwa kidole kimoja: "Yupo. Amenyamaza, anamsikiliza mama yake."