Nati Iliyogoma

Simeon aliona heri aende ahera kutafuta bolti kuliko kukanyaga duka la Ngendo. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameyamaliza maduka ya spea ya Nyeri, na bolti ya kati ya lori lake, ile inayozuia springi isisogee juu ya ekseli, ilipatikana kwa huyo mwanamke tu. Alikuwa mkewe kwa miaka ishirini. Miaka sita sasa hawakuwa wakipikika chungu kimoja.

Lori lilikuwa limepandishwa jeki nje ya duka, springi zimefunguliwa. Tangu Ijumaa lilikuwa likivuta kushoto kama punda mkaidi, na alasiri hiyo Mwai, mwana wao na dereva wa lori hilo, alitakiwa kuteremka vilima vya Othaya na tani saba za kahawa.

"Bolti ya kati peke yake," Simeon alisema bila salamu.

"Na zile nne za kufunga springi?"

"Niko nazo. Orijino. Si hii takataka mpya unauzia watu."

Akazimwaga kwenye kaunta. Alikuwa amezitoa Ijumaa kwenye lori kuukuu lililooza nyuma ya nyumba yake, akazifunga kwenye hili, na alijivuna nazo ajabu. Tuseme ukweli, hakuwa peke yake: tumeuziwa bandia mpaka tukaamini kwamba chuma kilichochoka cha Japani kinashinda kipya cha mtu yeyote.

Ngendo alichukua nati mpya, akaipachika kwenye bolti moja, akaizungusha kwa vidole. Ikashuka vizuri, kisha katikati ikagoma. Akajaribu bolti ya pili. Ikagoma palepale.

"Zimevutika, nyuzi hazilingani tena na nati," alisema. "Ukikaza leo, kesho zimelegea. Ndio maana ekseli imerudi nyuma ikakata bolti ya kati."

"Ati zimevutika! Umekuwa fundi lini, wewe?"

"Siku ile nilichoka kukushikia tochi ukitukana mafundi."

Wateja wawili waliangua kicheko. Damu ilimpanda Simeon kichwani. Akamwambia mdomo huo ndio uliomtoa nyumbani, na kwamba atazeekea hapo na makopo yake ya grisi. Ngendo naye akamwambia aondoe uchafu wake kwenye kaunta.

"Mtoto wangu haendi na hizo," alisema. "Bolti ya kati peke yake siuzi. Chukua zote ama utoke."

"Mwai!" Simeon alipaza sauti. "Kuja uone mchezo wa mama yako. Jaribu hii nati, anaizuia na ukucha."

Mwai aliingia akifuta mikono kwa kitambaa. Hakuigusa nati.

"Hakuna haja, baba. Itagoma."

"Unajuaje?"

"Nilijaribu Ijumaa, kabla tufunge."

"Na ukanyamaza? Ukapanda kilima cha Gakindu mara tatu ukijua?"

"Sikunyamaza. Nilikuambia. Ukasema niko na uoga ya mama yangu."

Simeon alikumbuka. Alikuwa ameyasema hayo mbele ya wapakiaji wa kahawa, wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Kijana alipanda, akawasha lori, akaenda.

Simeon alichukua nati mwenyewe, akaizungusha polepole, akiomba ishuke. Ikagoma. Akajaribu zote nne, na zote zikagoma. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na chini ya aibu hiyo palikuwa na hofu ya safari tatu zilizokwisha kupita.

"Mama Mwai," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka sita. "Nipe zote nne."

Ngendo alizitoa kwenye katoni pamoja na nati zake. Simeon alinyoosha mkono. Ngendo akaupita, akazisukuma mbele ya Mwai.

"Zijaribu wewe," alimwambia mwanawe. "Ukisema hapana, ni hapana."